Kadi Yenye Majina 29

Nilirudi shule kufuata sweta.

Shule zilikuwa zimefungwa jana yake, madarasa matupu, viti vimepandishwa juu ya meza, na mwalimu wa binti yangu yuko peke yake anabandua makaratasi ukutani, yale ya kuhesabu na michoro ya watoto. Sweta lilikuwa linaning'inia nyuma ya mlango. Nikalichukua, nikamtakia mwalimu likizo njema, nishageuka kabisa naondoka ndo akaniita.

"Mama, samahani. Ile kadi uliandika wewe?"

Nikasema ndio, tena kwa kujisikia kidogo, maana mwandiko wangu huwa unasifiwa.

Akaitoa kwenye mkoba wake. Ile kadi kubwa ya kukunja niliyokesha nayo na kalamu ya rangi ya dhahabu. Akaifungua mbele yangu, akasema ameihesabu. Majina yako 29.

"Na mimi nina watoto 34."

Hakusema kwa hasira. Afadhali angekasirika. Halafu akawataja wale watano ambao hawapo, bila kuangalia popote, jina baada ya jina, kama anaita mahudhurio asubuhi.

Hii ni wiki ya sita toka siku hiyo na bado sijalala nalo vizuri hili jambo, ndo maana naandika.

Tiki

Kama una mtoto shule na una simu basi hilo grupu la wazazi unalijua, sina haja ya kulieleza. Mwaka unaelekea ukingoni, mtu mmoja anaandika "wazazi wenzangu, tumkumbuke mwalimu", vidole gumba vinamiminika, halafu likija swali la nani akusanye hela kila mtu anakuwa jikoni. Mwaka huu nilikusanya mimi. Hakuna aliyenilazimisha, nilijitolea mwenyewe na nilifurahia, bora niseme tu.

Kila jioni nilikuwa nabandika orodha. Jina la mtoto, tiki. Jina la mtoto, tiki. Jina la mtoto, patupu.

Kwangu ile orodha ilikuwa uaminifu. Hela za watu ni moto, ukizishika bila kuonyesha hesabu maneno hayakawii, kwa hiyo nikasema mimi kila kitu kitakuwa hadharani hadi shilingi ya mwisho. Ambacho sikukiwaza ni kwamba orodha hiyohiyo inayoonyesha kuwa mimi sijala hela ya mtu ndo inaonyesha nani hajatoa. Ama tuseme ukweli, nilikiwaza kidogo. Nikaona kitasaidia kuharakisha.

Tena nikaweka na methali juu yake, Mungu anisamehe: kutoa ni moyo, si utajiri. Nilidhani nawapa moyo wenye kidogo. Sasa jiweke wewe, umekaa usiku huo huna kitu, unafungua simu unakutana na hayo maneno na chini yake jina la mwanao halina tiki. Si umeshaambiwa kwamba shida yako sio hela, shida yako ni moyo?

Siku tatu kabla ya kufunga nikabandika ile ya mwisho, kichwa chake kwa herufi kubwa TUNAWASUBIRI HAWA TU, na majina sita. Nikaongeza na vile viganja viwili vya kuomba ili isionekane kali. Mmoja akalipa ndani ya dakika kumi bila neno lolote. Kwenye saa tano usiku ukatokea ule mstari mdogo wa kijivu katikati ya kioo: namba fulani imejitoa.

Hakuna aliyesema kitu.

Asubuhi mtu akatuma picha ya maua ya kututakia siku njema, maisha yakaendelea, zawadi ikanunuliwa, ikabaki na chenji kidogo kwenye simu yangu.

Hiari yenye orodha

Wiki mbili za kwanza baada ya ile siku ya sweta nilikuwa najitetea. Peke yangu, nikiosha vyombo, nikiwa kwenye foleni. Kwani nilikosea nini? Kila ujumbe niliandika neno hiari. Kadi ni ya waliochanga, ningeandika na wasiochanga wale waliochanga wangelalamika, na wangelalamika kweli, nawajua. Zawadi ni ya waliotoa zawadi. Si ndo hivyo?

Dada yangu alinisikiliza mpaka mwisho halafu akauliza swali moja tu, hiari gani hiyo ina orodha ya wadaiwa.

Nikakasirika, nikabadilisha mada.

Lakini lilibaki. Na nadhani tatizo langu lilianzia kwenye maneno yenyewe. Mchango ni kitu kinachojulikana, una mweka hazina, una kiwango, una tarehe ya mwisho, na asiyetoa anadaiwa hata kama hakuna atakayemwambia anadaiwa. Zawadi haina vitu hivyo. Sisi tulichukua mchango tukaufunga kwenye karatasi linalong'aa na utepe juu, tukauita zawadi. Mwalimu akapokea zawadi ila sisi kwenye grupu tulikuwa tunalipa mchango, na wote tulijua.

Kuna Mfaransa mmoja, Marcel Mauss, alichunguza zawadi kwenye jamii nyingi akaandika mwaka 1925 kwamba kwa macho zawadi inaonekana ni hiari ila ndani yake kuna lazima tatu: lazima kutoa, lazima kupokea, lazima kurudisha. Zamani nilikuwa naona haya ni mambo ya wasomi kutafuta la kusema. Sasa hiyo ya kutoa niliisimamia mimi mwenyewe kwa tiki, na ile ya kupokea mwalimu hakuwa na namna, angeikataaje mbele ya watoto wanaopiga makofi?

Ile ya tatu, ya kurudisha, ndo iliyonitoa jasho zaidi. Mwalimu anarudisha nini kwa mzazi? Ana nini cha kurudisha?

Ripoti

Hii nayo aliniambia yeye. Sisi tulimpelekea zawadi siku mbili kabla ya kufunga kwa sababu tulitaka watoto wote wawepo wapige picha. Yeye alikuwa bado hajamaliza kuandika ripoti.

Akasema maksi zilishaingia, hizo hazibadiliki. Lakini kuna ile sehemu ya maoni ya mwalimu, anaandika kwa mkono, mtoto mmoja mmoja. Na kadi iko pale mezani imefunguliwa. Akasema "nikifika kwa mtoto ambaye jina lake halipo nasoma nilichoandika mara mbili, naogopa nisije nikawa nimekuwa mkali kwake. Nikirekebisha naogopa tena nimempendelea. Na wale wenye majina pia hivyohivyo, najiuliza hii sifa ni ya mtoto au ya ile zawadi."

Halafu akacheka kidogo. "Mmenipa kazi mbili mama."

Nilitaka kumwambia sisi hatukuwa na nia hiyo. Na ni kweli, sidhani kama kuna mzazi hata mmoja kati ya wale 29 aliwaza kununua neno zuri kwenye ripoti. Ila nia yetu haikuwepo pale mezani kwake usiku ule, iliyokuwepo ni kadi.

Korea Kusini walifika mbali sana kwenye hili. Wana sheria ya kuzuia hongo iliyoanza kutumika 28 Septemba 2016, watu wanaiita kwa jina la Kim Young-ran, jaji wa zamani aliyeipendekeza, na inawagusa mpaka walimu. Kule wana Siku ya Mwalimu, 15 Mei, na kwa miaka mingi wanafunzi walikuwa wanawapa walimu wao ua. Baada ya sheria ile ikatolewa tafsiri kwamba mwanafunzi mmoja mmoja hata hilo ua haruhusiwi kumpa mwalimu anayemfundisha na kumpa maksi. Ua! Nilipolisoma mara ya kwanza, miaka kadhaa nyuma, nilicheka. Nikasema hawa watu wamezidisha, mtoto anyimwe hata ua.

Juzi nimelirudia nikaona kitu ambacho nilikipita. Kinachoruhusiwa ni mwakilishi wa wanafunzi kumpa mwalimu ua mbele ya wote, kwa niaba ya wote.

Wote. Hata ambaye hakuchangia hilo ua.

Bado naona sheria ya namna hiyo ingenikera nikiishi nayo, mi sio mtu wa kupenda kila kitu kiwe kosa la jinai. Lakini hao walioiandika walielewa jambo ambalo mimi na kalamu yangu ya dhahabu hatukulielewa, kwamba shukrani ya mmoja mmoja kwa mtu aliyeshika kalamu ya maksi inamwachia hesabu za kupiga kichwani hata kama hataki kuzipiga.

Ingetosha tu kusubiri ripoti zitoke. Siku mbili.

Vikombe

Kuhusu zawadi zenyewe sina mengi. Mwalimu huyu ana vikombe. Vyote vimeandikwa kwamba yeye ndo mwalimu bora duniani, na nadhani na mwalimu wa darasa la jirani anavyo vya kwake vimeandikwa hivyohivyo. Kalamu anazo. Nilimuuliza kiutani akipewa kuchagua angechagua nini, akasema usingizi.

Na kuna wazo huwa linazunguka kwenye magrupu, kwamba tuwape hela tu kwa sababu mishahara ya walimu midogo. Hapo mi naona tunachanganya mambo. Ile Siku ya Walimu Duniani, 5 Oktoba, inayoadhimishwa toka 1994, iliwekwa kukumbuka mapendekezo ya UNESCO na Shirika la Kazi Duniani ya mwaka 1966, na ukiyapitia yanaongelea mishahara, mafunzo, ukubwa wa madarasa, saa za kazi, likizo. Haya ni madai, mtu anadai kwa mwajiri wake, na mzazi anaweza kusimama naye akadai pamoja naye. Bahasha ya mwisho wa mwaka haiwezi kubeba huo mzigo, na ikijaribu kuubeba ndo wale watano wanageuka kuwa watu waliomnyima mwalimu chakula. Nyie!

Barua ya 1957

Nilipokuwa nazunguka na hili jambo nikakumbuka ile barua ya Albert Camus, mwandishi wa Kifaransa aliyekulia Algeria. Wengi mnaijua, inasambazwa sana kila ikifika siku ya walimu. Alipewa Nobel ya fasihi Oktoba 1957, na tarehe 19 Novemba mwaka huohuo akamwandikia mwalimu wake wa shule ya msingi kule Algiers, Louis Germain, kumwambia kwamba alipopata habari ile mtu wa kwanza kumuwaza baada ya mama yake alikuwa yeye. Hotuba zake za Nobel nazo akazitoa kwa heshima ya mwalimu huyohuyo.

Inasambazwa kama mfano wa mwanafunzi mwenye shukrani, na ni mfano mzuri kweli. Lakini safari hii mi niliisoma kama mweka hazina.

Baba yake Camus alikufa vitani 1914, mtoto hajafikisha hata mwaka. Mama yake alikuwa hasikii vizuri, hajui kusoma, anafanya usafi kwenye nyumba za watu. Nyumba inaendeshwa na bibi, na bibi alitaka kijana akimaliza shule ya msingi aende kufanya kazi alete hela nyumbani. Germain ndo aliyembembeleza bibi akubali mtoto afanye mtihani wa kupata ufadhili, na akamfundisha masomo ya ziada bure. 1924 kijana akafaulu akaenda sekondari.

Sasa weka grupu la wazazi kwenye lile darasa. Niweke mimi na orodha yangu na methali yangu. Yule mama angekuwa na tiki?

Asingekuwa nayo. Kadi ya Germain ingeandikwa majina yote ya darasa lile isipokuwa ya yule mtoto ambaye alikuja kumwandikia miaka 33 baadaye, na mimi ningekuwa nimelala usingizi mzuri kwamba hesabu zimefunga.

Nilifunga simu nikakaa tu.

Wale watano

Mwalimu alinieleza kidogo kuhusu wawili kati yao, nadhani ili nisiwe na picha moja tu kichwani. Mmoja analelewa na bibi yake, simu ya bibi ni ya vitufe, hajawahi kuwa kwenye grupu lolote. Yaani hakuombwa kabisa! Nilikuwa nabandika jina la mjukuu wake jioni hadi jioni mbele ya watu thelathini na kitu na mwenyewe hana habari. Wa pili, mama yake alishamletea mwalimu kitu chake mwenyewe katikati ya mwaka, kimya kimya, akaona imetosha, na imetosha kweli.

Wengine wawili mwalimu hakuniambia na mimi sikuuliza.

Wa tano ni yule aliyejitoa. Mwanae alikuwa anakaa dawati moja na binti yangu.

Namba yake nilikuwa nayo bado. Nikaandika ujumbe mrefu wenye maelezo yote, nikaufuta. Nikaandika wa kati, ukawa kama najitetea, nikaufuta. Mwisho nikatuma mistari miwili, kwamba dada samahani sana kwa zile orodha nilizokuwa nabandika, haikuwa sawa, na nimejifunza. Hilo la nimejifunza nilijuta dakika hiyohiyo, linaniongelea mimi, ila tiki mbili zilishaingia. Tiki tena.

Akajibu baada ya siku mbili. "Hamna shida dada. Nilikuwa napunguza magrupu tu."

Nimeisoma hiyo sentensi sijui mara ngapi. Inawezekana ndo ukweli wenyewe, hata mimi magrupu yananichosha. Inawezekana ni mlango umefungwa taratibu ili usipige kelele. Hakuna namna ya kujua na nadhani sina haki ya kujua, mtu haombwi radhi halafu adaiwe maelezo juu yake.

Kadi ya pili

Shule zilipofunguliwa nilinunua kadi nyingine kwa ile chenji. Niliwaza kwanza niulize kwenye grupu kama ni sawa kutumia salio, nikajiona naanza tena, nikaacha. Watakaouliza nitawaambia.

Hii sikuandika mimi. Nilimpa binti yangu akaenda nayo, mwalimu wao mpya akawaruhusu wakati wa mapumziko, kila mtoto akaandika jina lake mwenyewe popote alipoona nafasi. Hakuna mpangilio, hakuna dhahabu. Mmoja ameandika jina kubwa linakula nusu ukurasa, mwingine kachora gari halafu akaandika jina ndani ya tairi, kuna alama ya kidole chenye mafuta. Mjukuu wa yule bibi ameandika mara mbili, sijui kwa nini.

Jioni nikahesabu. Sasa hivi kila kitu nahesabu.

Yalikuwa 33 (huyo wa mara mbili nimemhesabu mara moja).

Nikamuuliza binti yangu nani hajaandika. Akamtaja yule wa dawati lake. Kahamishwa shule, akasema, hakuja toka tumefungua. Akasema hivyohivyo tu, kama mtu anavyokwambia kuna mawingu.

Watu wanahama kwa sababu elfu moja. Kazi, nyumba, ada, ndugu. Nimejiambia hivyo usiku wote na ni kweli, hakuna mtu anayehamisha mtoto kwa sababu ya orodha kwenye simu. Sidhani. Siku za kawaida sidhani.

Binti yangu alikuwa bado amesimama pale ameshika kalamu. "Nimwandikie mimi? Najua anavyoandika, S huwa anaigeuza."

Nilitaka kusema hapana, jina la mtu haandikiwi. Mdomo ukafunguka, sikusema.

Akainama kwenye kadi, ulimi umetoka nje kidogo, akaandika polepole herufi moja moja, na alipofika kwenye S akasimama, akaifikiria, akaigeuza.

Kesho naipeleka.